Nani alichagua dawa ya mama aliyejifungua?

"Daktari, nipe kitu kali."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia jamaa wa kemisti mtaani kwetu, saa mbili usiku, mia tano mkononi. Dawa haikuwa yangu. Binamu yangu alikuwa amejifungua siku sita kabla, na tangu jana yake alikuwa anatetemeka kwa baridi huku mwili unawaka moto. Tumbo la chini hata ukiligusa tu anapiga nduru. Damu ile ya kawaida ya baada ya kujifungua ilikuwa imeanza kunuka. Shosho alisema ni maziwa yanaingia, itapita. Aunty akasema hiyo ni malaria. Mimi, msomi wa TikTok, nikasema ni bakteria, anataka antibiotiki. Nikatumwa.

Jamaa wa kemisti hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza dawa ni ya nani, hakuuliza mgonjwa ananyonyesha, hakuuliza homa imeanza lini. Alihesabu vidonge kumi na tano vya rangi mbili, akavitia kwa karatasi ya kaki, akaandika 1x3. "Hii ni kali," akasema. Nikarudi nyumbani nikijiona shujaa.

Siku mbili baadaye tulikuwa hospitali, binamu amewekewa dripu, presha imeshuka, na mimi nimesimama hapo kando na ile karatasi ya kaki. Sista mmoja wa makamo akaichukua, akaangalia ndani, akaniuliza, "Nani alichagua hii?" Nikamwambia ni ya kemisti. Akatikisa kichwa. "Sijauliza imetoka wapi. Nimeuliza nani alichagua."

Hilo swali lilinikaa kichwani wiki nzima. Nikaanza kusoma. Na kumbe lina historia ndefu kuliko nilivyodhani, na si historia ya madaktari werevu tu. Ni ya wanawake waliokufa kwa maelfu kabla mtu hajafikiria kuuliza: ni bakteria gani huyu?

Kabla tuendelee, mimi si daktari. Kama wewe au mtu wako amejifungua majuzi na ana homa, funga hii posti uende hospitali sai. Stori utaikuta ukirudi.

Tuanze Uskoti, mji wa Aberdeen. Kati ya 1789 na 1792 kulizuka homa iliyokuwa inaua wanawake waliotoka kujifungua tu. Dunia nzima wakati huo iliamini ni hewa mbaya, au maziwa yamekosea njia (Shosho angepata wenzake huko). Daktari mmoja, Alexander Gordon, alifanya kitu rahisi ambacho hakuna mtu alikuwa anafanya. Aliandika orodha: mama fulani, aliugua tarehe fulani, alizalishwa na nani. Alipoangalia ile orodha akaona homa inafuata watu. Mkunga akitoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima, yule mzima naye anaugua. Mwaka 1795 akachapisha kitabu, na ndani yake akakiri kitu ambacho najua ni watu wachache wangeweza kukiri hata leo: kwamba yeye mwenyewe alikuwa amewabebea wanawake wengi huo ugonjwa.

Mji ulimgeuka. Alikuwa amechapisha majina ya wakunga, na wakunga walikuwa na watu wao. Aliondoka, akarudi jeshi la majini, akafa 1799.

Lakini ona hii. Gordon alijua ugonjwa unasambaa vipi, na bado matibabu yake yalikuwa kumtoa mgonjwa damu, nyingi, na kumpa dawa ya kuendesha. Alikuwa na nusu ya jibu. Hiyo nusu ya pili ingechukua miaka 140 kufika.

Katikati hapo ndipo alikufa Mary Wollstonecraft, yule mwandishi Mwingereza aliyetetea haki za wanawake kabla watu hawajakuwa na jina la kuita hicho kitu. Agosti 1797, London, alijifungua msichana. Kondo la nyuma halikutoka. Daktari akaja akalitoa kwa mkono, kipande kwa kipande, na hakuna aliyekuwa na wazo la glavu. Wollstonecraft alikufa siku ya kumi na moja. Yule mtoto alikua akawa Mary Shelley, aliyeandika Frankenstein. Mkumbuke hilo kondo, tutalirudia.

Stori ya Vienna nitaipitisha mbio kwa sababu najua mmeiona kwenye video za watu. Hospitali kuu, wodi mbili za kujifungulia. Moja ya wanafunzi wa udaktari, nyingine ya wakunga. Mwaka 1846 kwa wodi ya wanafunzi walikufa zaidi ya wanawake 11 kati ya kila 100. Kwa wakunga hata 3 hawakufika. Wanawake wa mji walijua. Walikuwa wanalia wasipelekwe ile wodi ya kwanza, wengine wakaona heri wajifungulie barabarani. Ignaz Semmelweis akagundua wanafunzi walikuwa wanatoka kupasua maiti wakienda moja kwa moja kuzalisha. Mei 1847 akawalazimisha wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwaka uliofuata vifo vikashuka hadi karibu 1 kati ya 100. Wakubwa zake hawakumkubali, na mwaka 1865 alifia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kila mtu anaipenda hii stori kwa sababu ina shujaa na maadui. Mimi shida yangu nayo ni moja. Watu huifunga hapo, ati mikono ikanawiwa, mambo yakaisha. Hayakuisha. Kunawa kunamzuia mzima asiugue. Yule ambaye tayari anaungua kitandani, tumbo limevimba, mapigo ya moyo yanakimbia, unamfanyia nini? Kwa miaka mingine karibu tisini jibu lilikuwa: unakaa naye.

Angalau adui alipata sura. Machi 1879, Paris, kulikuwa na kikao cha madaktari na mmoja wao alikuwa anahutubia juu ya sababu za homa hii. Louis Pasteur, ambaye hata hakuwa daktari, akamkatiza. Akasema kinachoua hawa wanawake ni kiini kinachobebwa na madaktari wenyewe kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima, kisha akaenda ubaoni akakichora: vijiduara vidogo vimeshikana kama shanga. Leo tunaviita streptokokasi. Ukiniuliza, hapo ndipo swali la sista lilianza kuwa na maana. Huwezi kuchagua dawa ya kitu usichokijua.

Sasa tuingie London, miaka ya 1930, juu hapa ndipo penye utamu.

Ukiangalia takwimu za Uingereza na Wales katikati ya miaka hiyo, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa, zaidi ya kina mama 400 walikuwa wanakufa. Na chanzo kikubwa kilikuwa maambukizi. Hii ni nchi iliyokuwa na reli za chini ya ardhi na redio. Katika hospitali ya Queen Charlotte's kulikuwa na jengo la pembeni kabisa la kutenga wanawake wenye hiyo homa, na aliyesimamia maabara yake ni jamaa anaitwa Leonard Colebrook. Alikuwa msee wa subira. Alishajaribu dawa za arseniki, zikakataa. Akarudi kwa kuzuia. Mwaka 1933 yeye na mwenzake walichapisha utafiti wa kupima dawa za kuua viini kwenye mikono ya wanaozalisha, na mojawapo ilikuwa Dettol. Ndiyo, hiyo hiyo. Ile chupa ya Dettol kwa bafu yenu ilipata heshima yake kwenye wodi za kina mama.

Dada yake Colebrook, Dora, naye alikuwa daktari, na alifuatilia hawa streptokokasi wanatoka wapi hasa. Akawapata kooni. Koo za wauguzi, koo za madaktari, koo za watu wa nyumbani kwa mgonjwa. Mtu anaongea, anakohoa kidogo juu ya mama anayejifungua, basi. Na wakati huo huo New York, Rebecca Lancefield alikuwa ametoa njia ya kugawanya streptokokasi katika makundi, akayapa herufi: A, B, C. Wauaji wengi wa baada ya kujifungua walikuwa kundi A. Wanawake wawili, bahari katikati, na bila kazi yao dawa iliyofuata ingetumiwa kwa kubahatisha.

Dawa yenyewe ilitoka kiwanda cha rangi. Sitanii. Ujerumani, kampuni ya Bayer ilikuwa inajaribu rangi za nguo ione kama kuna inayoua bakteria. Desemba 1932 Gerhard Domagk aliwapa panya wenye streptokokasi rangi moja nyekundu. Panya wakapona. Wakaiita Prontosil, na Domagk akachapisha Februari 1935. Binti yake mdogo naye alidungwa na sindano mkononi, ikaingia maambukizi, madaktari wakaanza kuongea mambo ya kukata mkono. Baba akampa Prontosil. Mkono ulibaki.

Cha ajabu, ukiiweka Prontosil na bakteria kwenye chupa ya maabara hakuna kitu kinatendeka. Inafanya kazi ndani ya mwili tu. Watafiti wa Paris ndio walitegua hicho kitendawili mwaka huo huo wa 1935. Mwili unaivunja ile rangi vipande viwili, na kipande kimoja, sulfanilamidi, ndicho kinapigana. Ile rangi nyekundu ilikuwa inasindikiza tu. Na sulfanilamidi ilikuwa imejulikana tangu mwanzo wa karne, haki zake zimeisha muda, mtu yeyote angeweza kuitengeneza bei ya chini. Fikiria iko kwa rafu miaka yote hiyo na wanawake wanakufa.

Colebrook alipoipata alianza 1936. Na hapa nataka mwangalie alivyofanya, kwa sababu ni kinyume kabisa cha kile mimi nilifanya. Hakusema "nipe kitu kali." Kila mama aliyeingia alichukuliwa sampuli kwanza, ikapelekwa maabara kuona ni bakteria gani. Dawa ilikuwa ya wenye streptokokasi wa kuua, kwa sababu kwa hao ndipo kulikuwa na sababu ya kuamini itafanya kazi. Ngozi zao zilikuwa zinageuka rangi ya waridi kwa ile dawa.

Kundi la kwanza lilikuwa wanawake 38. Walikufa 3. Likafuata kundi la 26. Hakufa hata mmoja. Miaka iliyotangulia, kwenye jengo lile lile, takriban mmoja kati ya watano wa wagonjwa wa aina hiyo alikuwa anaondoka kwa jeneza, na kuna mwaka ilikuwa mbaya zaidi.

Colebrook hakuruka juu. Alikuwa mwangalifu hadi anakera. Aliandika kwamba labda pia streptokokasi wenyewe walikuwa wamepungua ukali wakati huo, na wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani kilitokana na dawa. Lakini mstari wa vifo vya uzazi Uingereza, uliokuwa umekaa palepale kwa miongo, ulianza kushuka katikati ya miaka ya 1930 na haukurudi tena juu.

Penisilini mnaijua. Ila watu wengi hawajui kwamba mtu wa kwanza Marekani kuokolewa nayo alikuwa mwanamke aliyetoka kupoteza mimba. Anne Miller, miaka 33, New Haven, Machi 1942. Alikuwa na streptokokasi kwenye damu, wiki nne za homa, sulfa imeshindwa, damu ameongezewa, upasuaji umefanywa, wapi. Wakampata penisilini kidogo, kama kijiko kimoja hivi, na inasemekana hiyo ilikuwa nusu ya dawa yote iliyokuwepo nchi nzima. Jioni kadungwa, asubuhi homa imeshuka. Dawa ilikuwa adimu hadi mkojo wake ulikusanywa, ukasafirishwa, ili ile iliyotoka mwilini isafishwe itumike tena. Aliishi hadi miaka 90, akafa 1999.

Hapo ndipo dunia nzima ilipata ule ugonjwa wa "kitu kali". Penisilini inamaliza kila kitu, si ndiyo? Hapana. Na hapa ndipo nilianza kuelewa kwa nini vile vidonge vya rangi mbili vilimwangusha binamu yangu.

Adui alibadilika. Streptokokasi wa kundi A alipopungua hospitalini, wakabaki wengine, na hawa hawatoki koo la mtu. Wanaishi ndani ya mama mwenyewe, kwa utumbo na ukeni, wakikaa kwa amani yao. Wakati wa kujifungua wanapanda juu kwenye mfuko wa uzazi, ambao sai una kidonda kikubwa pale kondo lilipobanduka, na damu, na vipande vya nyama vinavyokufa. Kwa bakteria hiyo ni karamu. CS zilivyoongezeka hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu mama aliyepasuliwa yuko kwenye hatari kubwa mara nyingi kuliko aliyejifungua kawaida. Na hao bakteria hawaji mmoja. Wanakuja genge: wengine wanapenda oksijeni, wengine hawaitaki kabisa. Wengi wa genge hilo wana kimeng'enya cha kukatakata penisilini na ndugu zake kabla hazijawafikia. Amoksilini, ile niliyonunua, ni ndugu wa penisilini.

Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walichukua wanawake waliopata maambukizi ya mfuko wa uzazi baada ya CS, wakawagawanya. Wote walipewa jentamisini. Nusu wakaongezewa penisilini, nusu wakaongezewa klindamaisini. Waliopewa klindamaisini walipona vizuri zaidi, na majipu ndani ya tumbo yakawa machache.

Sababu yake ni tamu, nivumilieni. Jentamisini ili iingie ndani ya bakteria inahitaji oksijeni. Mahali hakuna oksijeni, kama katikati ya nyama iliyokufa, inabaki mlangoni ikibisha hodi. Kwa hivyo inapiga wale wapenda hewa wa utumboni, kisha wale wasiotaka hewa wanaitazama tu. Klindamaisini ndiyo inawashukia hawa, pamoja na streptokokasi wa kale wa Pasteur, ambaye inamzimia hata kiwanda chake cha kutengeneza sumu. Mbili pamoja, genge zima limezingirwa, au karibu zima. Kuna familia moja ya bakteria inayoponyoka katikati yao, ndiyo maana mgonjwa asipopata nafuu baada ya siku mbili tatu madaktari huongeza ampisilini, au wanaanza kutafuta kama kuna jipu au kitu kimebaki ndani.

Hizo mbili ndizo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwa maambukizi ya mfuko wa uzazi baada ya kujifungua. Kabla ya hapo kitabu chake cha mwaka 2000 kilikuwa na tatu: ampisilini, jentamisini, metronidazo. Metronidazo ndiyo Flagyl, ile sisi humeza tumbo likivuruga. Inafanya kazi pale pasipo oksijeni peke yake, yaani pale hasa jentamisini inapokwama. Ukiona hospitali ya Kenya inatumia hizo tatu, au seftriaksoni na Flagyl kwa sababu ndizo ziko stoo, usifikiri ni kubahatisha. Ni hesabu ile ile: nani yuko ndani, na kila mmoja wao nani anampiga. Halafu kuna mtoto kwenye titi. Kuna dawa wanaziepuka kwa sababu yake, na kuna nyingine, kama klindamaisini, wanatoa huku wakimwambia mama aangalie kama mtoto anaharisha. Na jentamisini yenyewe inaweza kuumiza figo na masikio, ndiyo maana wanapima uzito wako kabla. Hakuna hata moja ya hizo ambayo mimi nilifikiria pale kemisti.

Turudi nyumbani basi. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata vifo 355 vya kina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wazima. Rudi juu uangalie ile ya Uingereza kabla ya Colebrook. Manze. Najua si maambukizi peke yake, kutokwa damu nyingi kunaua wengi zaidi. Lakini tuko na dawa zote ambazo wao hawakuwa nazo, na nambari zinapeana salamu.

Kuna kitu kizuri kimetokea na Kenya ilikuwa ndani. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa zaidi ya wanawake 29,000 katika nchi 7, kati yao Kenya, Zambia na Kongo. Mama akiwa kwenye uchungu anapewa azithromaisini mara moja tu, ya kumeza. Kwa kila wanawake 1,000 waliopewa dawa bandia, kama 24 walipata sepsisi au kufa. Waliopewa yenyewe, 16. Kwa watoto haikuleta tofauti. Wanawake wetu walikuwa kwenye orodha hiyo, kama wale wa Gordon, na safari hii orodha iliandikwa ili wapone.

Na bado nina wasiwasi, na sitaki mniite mpinga maendeleo. Azithromaisini ndiyo ile tulinunua kiholela wakati wa korona, kila mtu na dozi yake ya siku tatu, kwa ugonjwa wa virusi ambao haiutibu. Bakteria hujifunza. Ile sulfa ya Colebrook ilikuwa muujiza 1936, na kufikia vita vya pili vya dunia kulikuwa na bakteria ambao hawaisikii. Ndiyo maana hata hilo shirika linasema mama aliyejifungua kawaida bila matatizo asipewe antibiotiki ati za kujikinga tu. Mama wa CS, apewe kabla ya kisu. Aliyechanika vibaya, apewe. Ambaye kondo lake limetolewa kwa mkono, apewe. Huyo wa mwisho ni Mary Wollstonecraft, miaka zaidi ya mia mbili baadaye.

Huyo wa mwisho pia karibu awe binamu yangu. Walipompiga ultrasaundi walipata kipande cha kondo kimebaki ndani. Hapo hata ungempa dawa zote za dunia, kile kipande kingeendelea kulisha lile genge. Walikisafisha, wakampa dawa mbili za mshipa, na siku ya tatu aliomba chapati. Nilikuwa nimempotezea siku mbili. Sista hakusema hivyo, lakini nilimwona akihesabu.

Mtoto sai anatembea, anavunja vitu vyangu.

Kati ya vile vidonge kumi na tano alikuwa amemeza sita. Tisa vilibaki kwenye karatasi ya kaki. Wiki iliyofuata nilivirudisha kemisti nikamweleza yule jamaa yote: homa, harufu, kondo, presha. Alisikiliza vizuri kabisa, akavihesabu vile tisa, akaniuliza kama nilikuwa nataka anipe ile kali zaidi.